Kovu Kwenye Kamshafti

Kamshafti nzima ukiigonga kwa kijiko hulia. Si mlio mkubwa, ni ule wa sufuria nyembamba iliyoguswa kwa bahati mbaya, halafu unafifia taratibu. Yenye ufa inasema "ko" na kunyamaza. Nililijua hilo kabla sijajua kwamba kuna siku nitapata riziki kwa hilo, nikiwa nimekaa juu ya gunia la pumba nje ya karakana ya baba, karibu na Mlowo, namtazama anavyogonga na kusikiliza, kichwa amekiinamisha upande kama mtu anayenong'onezwa na chuma.

Miaka mingi baadaye nilikuwa na kibanda changu Tunduma, nyuma ya maegesho ya malori, nauza spea za pikipiki za zamani. Wenye maduka ya jirani walinicheka. Mwanamke, tena wa spea, tena spea za pikipiki ambazo wengi waliozipanda wako makaburini. Nina mdomo mbaya na walijua, kwa hiyo walichekea mbali.

Wateja wangu walikuwa wachache na wazimu wao ulikuwa wa aina moja. Mtu anakuta pikipiki ya Kiingereza kwenye ghala la kahawa la babu yake, kuku wametagia juu ya tangi, naye badala ya kuiuza kwa wanunua vyuma chakavu anataka kuisikia ikiunguruma tena. Spea za injini zile madukani huzipati. Zilitoka Zambia, upande wa migodini, ambako zamani pikipiki hizo zilikuwa nyingi. Wafanyabiashara walizivusha mpakani kwenye masanduku, zimechanganyika na bawaba, misumari na vijiko, na kazi yangu ilikuwa kuzitenganisha na kusema hii ni ya injini gani, na kama bado ina uhai.

Naandika habari hii kwa sababu ya kamshafti moja tu. Ilinifikia wakati ukoo umeshanunua saruji ya kulijengea kaburi la baba, na mama ameshakubali. Nilipoiosha na kuigeuza, nikawa na swali ambalo sikulitaka: je, tunamjengea marehemu, au tunamjengea mtu ambaye bado anakula ugali wake mahali fulani?

Niseme kwanza namna ninavyoipima, maana bila hivyo utadhani niliota.

Sanduku likifika silifanyii haraka. Naloweka vyuma kwenye dizeli mpaka grisi ya zamani ilegee, kisha brashi. Kamshafti ni mtalimbo mfupi, kwenye pikipiki hizo haupiti sana kiganja cha mkono, na juu yake kuna vinundu vyenye umbo la yai. Baba aliviita mayai, nami naviita hivyo. Yai likizunguka, ncha yake inaisukuma tapeti, tapeti inafungua valvu, na injini inavuta pumzi au inaitoa. Mayai mawili mara nyingi ni injini ya silinda moja, manne ni silinda mbili, ingawa zipo zinazodanganya. Natazama gia ilivyofungwa upande mmoja, nasoma namba kama haijafutika. Naiviringisha juu ya kioo cha dirisha nilichokilaza mezani. Iliyopinda inaachia mwanga chini yake. Napitisha ukucha juu ya ncha ya yai, na ukucha ukinasa kwenye vidonda vya chuma kilichochoka, hiyo inarudi kwenye chakavu. Mwisho napima urefu wa yai kutoka mgongoni mpaka nchani, maana yai lililolika linakuwa duara, na duara halisukumi kitu.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalifanyi. Naigeuza nitazame mabega ya yai, pembeni kabisa. Katikati, tapeti imepita mara zisizohesabika, imeng'arisha, imefuta kila alama ya mkono uliolitengeneza. Pembeni tapeti haifiki. Kama yai hilo liliwahi kufufuliwa na fundi, mikwaruzo ya tupa yake bado iko pale, na fundi mwenyewe unamwona.

Baba alitumia mkono wa kushoto. Tupa yake ililala upande ambao tupa za watu hazilali.

Miaka ya utoto wangu ilikuwa ile ya kukosa kila kitu, na hata ruksa ya kuingiza bidhaa ilipokuja, kwetu ilichelewa kufika kwenye spea. Sabuni ilirudi dukani, khanga zikarudi, lakini kamshafti ya pikipiki ya Kiingereza hakuna aliyeikumbuka. Na pikipiki hizo ndizo zilizokuwa zikipanda vilima vya Mbozi: ya katekista, ya bwana shamba, ya mnunuzi wa kahawa. Waliziwekea oili iliyomwagwa kutoka kwenye malori, nyeusi, imejaa mchanga wa chuma, na mayai yalilika kama sabuni. Wote walikuja kwa baba.

Baba alikuwa na kamshafti moja nzima ya kiwandani, akaiita mama. Yai lililolika alilijaza chuma kwa kulichomelea, kisha akazifunga mbili hizo sambamba kwenye fremu ya mti mgumu, mama na mtoto, zikizunguka pamoja. Kijichuma kilichopanda na kushuka juu ya mama kilimwonyesha tupa ikomee wapi juu ya mtoto. Ilikuwa kazi ya kutwa na kutwa nyingine. Mwisho aliifunga kwenye kopo pamoja na unga wa pembe na kwato zilizounguzwa, akalifukia kopo ndani ya mkaa wa moto, ili ngozi ya chuma iwe ngumu. Pembe aliletewa na mfugaji mmoja wa bondeni, kule Ndalambo, aliyekuwa amehamia na ng'ombe wake na ambaye hakuwahi kuelewa pembe zinahusiana nini na pikipiki. Nyumba yetu ilinuka kwato zilizoungua. Mpaka leo nikipita karibu na machinjio nikakutana na harufu ile, nageuka kumtafuta.

Sasa kosa lililoleta kovu. Mama yangu mzazi alikuwa bibi harusi, hana hata msimu mmoja pale nyumbani. Kahawa imeiva, imejaa ndoo, na mashine ya kuimenya, ile ya kuzungusha kwa mkono, pini yake imekwama. Kahawa ikilala na maganda inaharibika, kila mtu kwetu anajua. Mwanamke mwingine angechukua nyundo. Lakini nyundo ya baba ilikuwa haiguswi na mtu. Alikuwa amemwambia siku ya kwanza kabisa, pengine hata kabla ya kumwonyesha jiko. Na rafuni palikuwa na chuma kinachofanana na mchi mdogo, kizito, kinakaa vizuri mkononi. Akakichukua akaigonga ile pini. Pini ikatoka. Na ncha ya yai moja la kamshafti mama ikamegeka, upana wa punje ya mtama.

Alisimulia mwenyewe mara nyingi, na kila mara aliigiza uso wa baba. Anasema hakufoka. Aliishika kamshafti, akaipeleka mwangani, akaipitishia kidole, akakaa chini. Baadaye akaanza kucheka, akacheka mpaka jirani akaja kuuliza.

"Si ujaze tu hapo palipomegeka?" mama alimwuliza.

"Nitajaza kwa kuangalia nini? Iliyokuwa inanionyesha ndiyo hii. Nikikisia nitaharibu zaidi. Kovu hili angalau nalijua."

Basi kila mtoto aliyeigwa kutoka kwa mama ile alizaliwa na kovu. Tapeti ikifika nchani inajikwaa kidogo, na injini ikiwa inanguruma taratibu unasikia: ta-ta-ta-kwa, ta-ta-ta-kwa. Haikudhuru chochote. Pikipiki zilipanda milima, kahawa ikanunuliwa, watu wakabatizwa. Ila Mbozi nzima ilijua pikipiki zilizopita mikononi mwa baba, kwa sababu zilichechemea. Na kila moja ilipopita barabarani, baba aliinua kichwa akatuambia, "Mama yenu huyo anapita." Mama angemtupia chochote kilichokuwa karibu, ganda la hindi, kandambili, huku anacheka.

Nilikuwa nimekaribia kumaliza shule ya msingi alipoondoka. Alikwenda Zambia kutafuta vijiti vya kuchomelea na valvu, akipanda pikipiki yake mwenyewe, yenye kamshafti aliyoitengeneza mwenyewe. Alisema atarudi kahawa ikichanua. Mama alisimama kando ya barabara akisikiliza ta-ta-ta-kwa mpaka ilipozama upande wa Tunduma. Mimi nilikuwa na hasira naye kwa sababu alikuwa ameniahidi kunipeleka mpaka Vwawa nyuma ya pikipiki ile na hakunipeleka. Sikumuaga vizuri.

Kahawa ilichanua. Ikaiva, ikachumwa. Ndipo mfanyabiashara mmoja wa Tunduma akatuletea mfuko wa turubai, na ndani mlikuwa na spana za baba na tupa yake, mpini umelika upande wa kushoto. Alisema amepewa na watu kule migodini. Mwenye mfuko, Mtanzania, aliugua homa akafa, akazikwa na manispaa. Yeye hakuona maiti. Aliambiwa. Tuliuliza habari za pikipiki, akasema mambo ya pikipiki hakuambiwa.

Mama alilia mpaka sauti ikakauka. Nami nililia, na katikati ya kilio nikawa naikumbuka safari yangu ya Vwawa, nikajichukia. Wazee wa ukoo walikaa wakasema matanga hayawezi kuwa ya mfuko. Lazima kaburi, na kaburini lazima kitu. Baba mdogo, yaani mdogo wake baba, akasema tuweke kile ambacho mkono wake ulikizoea kuliko vyote. Alidhani mama ataleta tupa. Mama aliingia karakana akatoka na kamshafti mama, amekwisha kuifunga kwenye koti la baba la kanisani. Mchungaji alikunja uso kidogo, halafu akasoma maneno yale yale anayoyasoma kwa watu.

Kwa hiyo chuma chenye kosa la mama kikazikwa badala ya mume wake. Na mimi nilifikiri yameishia hapo.

Hayakuishia. Zile pikipiki zilikuwa bado barabarani. Unaelewa? Katekista alikuwa anapita. Bwana shamba alikuwa anapita. Mama anaanika kahawa kwenye kichanja, mikono inatandaza, ghafla mikono inasimama, shingo inanyooka. Ta-ta-ta-kwa. Baba alipokuwepo, mlio ule ulikuwa mama. Alipoondoka ukawa baba. Ulikuja ukiwa mbali, ukasogea, ukafika mbele ya nyumba yetu, ukapita. Kila mara ukapita. Nilimchukia katekista yule mtu wa Mungu, ambaye hakuwa na kosa isipokuwa kuendesha pikipiki yake kwenda kufundisha watoto. Niliwahi kumwambia mama tuhame, twende Isongole kwa wajomba, kule ambako hakuna hata pikipiki moja ya baba. Akaniangalia kama nimemtukana.

"Kaburi lake liko hapa," akasema. Lakini hakuwa anatazama upande wa kaburi. Alikuwa anatazama barabara.

Walikuja watu kumchumbia. Mmoja alikuwa mtu mzuri kabisa, mwenye duka Mlowo. Mama alimpikia, akamsikiliza, akamshukuru, akamrudisha. 

Halafu taratibu zile injini zikaanza kufa. Ya bwana shamba iliuzwa. Nyingine ikatupwa. Zikaja pikipiki mpya, nyepesi, za bei ya watu, na mwishowe bodaboda wakaijaza barabara kuu kuanzia Tunduma mpaka kwetu, na mlio wao ni mmoja, wa nyuki waliokasirika. Ya katekista ndiyo ilikuwa ya mwisho. Siku iliponyamaza hatukuijua. Tulitambua tu, baada ya muda, kwamba hatuisikii tena. Mama alikonda mwaka ule. Daktari alitafuta ugonjwa akaukosa. Mimi niliujua na sikuweza kumwambia.

Nadhani ndiyo maana niliingia kwenye biashara hii. Watu nawaambia niliipenda kwa sababu ya baba, na ni kweli, lakini si kweli yote. Nilikuwa natafuta mlio.

Mpaka siku ya sanduku lile. Mzambia aliyeniuzia mara nyingi alilitua mlangoni, akafuta jasho, akaniita mama kwa lugha ya kwao.

"Bamayo, leo nimekuletea za zamani za kweli. Hizi babu yako angezijua."

"Babu yangu alikuwa na jembe. Weka hapo."

Nililoweka, nikasugua. Nyingi zilikuwa takataka. Moja nilipoigonga ililia vizuri, nikaiviringisha kwenye kioo, ilikuwa imenyooka. Mayai mawili. Ukucha haukunasa. Nikaigeuza kutazama mabega, na mikwaruzo ilikuwa imelala upande wa kushoto.

Nilijua kabla ya kujua. Nje kulikuwa na jua la saa nane. Nikapitisha kidole gumba nchani na kovu lilikuwepo. Ila halikuwa punje ya mtama. Lilikuwa pana kama punje ya hindi.

Nilikaa chini kwenye debe. Mzambia akaniuliza kama naumwa. Nikamwuliza kamshafti ile imetoka wapi, nikamwuliza tena na tena, mpaka akaanza kuniogopa.

"Nanunua kwa kilo, bamayo. Siulizi vinatoka nyumba gani."

Kovu huwa linakua. Ukiiga kutoka kwa mama, mtoto anapata kovu lile lile, kubwa kidogo, maana tupa haina macho. Ukiiga kutoka kwa mtoto, mjukuu anapata pana zaidi. Nilikuwa nimeshika mjukuu. Kamshafti mama ilikuwa ardhini, imefungwa kwenye koti, kwa hiyo aliyeitengeneza hii alikuwa na mtoto mbele yake. Watoto wote wa baba walikuwa ndani ya injini za watu wa Mbozi, nami nilizijua zote mpaka zilipokufa. Isipokuwa mmoja, aliyekuwa ndani ya pikipiki aliyoondoka nayo.

Nilibishana na nafsi yangu siku nzima. Wa mkono wa kushoto hakuwa baba peke yake duniani. Fundi yeyote angeweza kuikuta pikipiki ile bila mwenyewe, akaifungua, akaiga. Lakini fundi yeyote mwenye akili zake akiona ncha imelala bapa angeijaza. Ni kosa, linaonekana. Nani atakaa kutwa nzima na tupa, auige ubovu kwa uangalifu kiasi kile, kingo zake zikiwa safi, katikati ya yai hasa? Alikuwa amelitunza. 

Na kama ni yeye, basi aliifungua pikipiki ambayo ingemrudisha nyumbani, akautoa moyo wake, akaufunga kwenye fremu ili aigie kazi za watu wengine.

Jumamosi ya kujenga nilikwenda nyumbani na kamshafti ile kwenye kikapu, chini ya mikate. Sikuwa nimeamua kitu. Kwa uongo huo sikumdanganya mtu yeyote ila nafsi yangu. Asiyetaka kusema hasafiri na ushahidi. Baba mdogo alikuwa ameshafika na mafundi wawili, matofali yamepangwa, msalaba wa zege umeegeshwa ukutani ukingoja kuandikwa jina na miaka. Mama alikuwa ndani, anachambua maharage kwa vidole, kwa sababu macho yake yalikuwa yamefanya utando.

"Umeleta nini, mwanangu?"

"Mikate, mama."

"Mikate haina harufu ya dizeli."

Akanyoosha mkono. Nilijua ningeweza kusema ni mzigo wa mteja. Nikampa.

Aliipokea kwa mikono miwili kama anavyopokea mtoto wa mtu. Akaipima uzito. Kidole gumba kikapanda juu ya yai la kwanza, kikashuka. Kikapanda la pili, kikasimama. Nje nilisikia koleo likikwangua saruji na mchanga. 

"Hili limekua," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Langu lilikuwa dogo."

"Ndiyo."

"Kwa nini limekua?"

Nikamweleza habari za mama, mtoto na mjukuu. Hakuhitaji maelezo mengi. Alikuwa amemshikia baba fremu ile miaka. Nilipomaliza nikaongeza haraka, "Lakini anaweza kuwa fundi mwingine."

"Fundi mwingine angelijaza."

Aliyasema hivyo, kwa upole, maneno ambayo nilikuwa nimeyaficha moyoni tangu Tunduma nisiyasikie kwa mtu.

"Imetembea?" akauliza.

"Sana. Miaka."

"Imetunzwa?"

"Imelishwa oili safi. Haina kidonda hata kimoja."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa mgonjwa wake anakula. Kisha uso wake ukageuka. Sijawahi kumwona mama na hasira kama ile, wala kabla wala baadaye. "Kwa hiyo alikuwa na oili safi," akasema. "Mimi mume wangu ni koti lililozikwa, yeye ana oili safi." Akaiinua kamshafti nikadhani ataitupa. Aliishusha mapajani. Kidole gumba kikarudi pale pale kwenye kovu, kikawa kinazunguka, kinazunguka, na machozi yanashuka juu ya maharage.

"Amekwenda nalo mpaka huko," akasema. "Angeweza kulifuta. Huko nani angejua?"

Nilimshika. Nilitamani sana baba awe amekufa. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilitaka afe vizuri, siku ile ile ya mfuko, ili mama apumzike.

Baba mdogo alibisha hodi. Zege lilikuwa tayari, mafundi walitaka kuandika msalaba kabla ya kuusimika. Nikamtazama mama. Nilikuwa tayari kutoka nje na kuwafukuza wote.

Mama akapangusa uso kwa ncha ya kitenge.

"Jengeni, shemeji," akasema. "Andikeni jina lake na mwaka aliozaliwa. Mwaka wa kufa msiandike."

"Shemeji, watu watatucheka. Msalaba una nafasi yake kabisa."

"Waache wacheke. Nilizika nisichokijua mara moja. Sitakiandika sasa."

Baba mdogo alitazama kitu kilichokuwa mapajani mwake, akanitazama mimi, na nadhani alielewa nusu. Akawarudia mafundi. Kaburi likajengwa, likapakwa chokaa, na msalaba una mwaka mmoja, kistari, halafu zege tupu. Wageni wanaopita hudhani fundi alikosea.

Nilirudi Tunduma bila kamshafti. Mama aliniambia nimwachie. Aliiweka kwenye kitambaa kando ya mto wake, na kila nilipokwenda nilikuta imepakwa mafuta, ya kupikia kama hakuna mengine. Mteja mmoja wa Mbeya aliwahi kuitafuta ya aina ile mpaka akanichosha. Nilimwambia sina. Niliendelea kufungua masanduku na kugeuza mabega ya kila yai, nikiogopa kukutana na kovu pana zaidi, la kitukuu, na nikiogopa zaidi kutokutana nalo. Sikukutana nalo.

Mchana mmoja, katika siku zake za mwisho, nilikuwa nimekaa naye chumbani. Hakuwa anaongea tena sana. Pikipiki ilisimama nje barabarani, injini ikiwa inanguruma, na mama akafumbua macho, shingo ikanyooka juu ya mto, ile ile shingo ya kwenye kichanja cha kahawa.

"Sikiliza," akasema.

Nikasikiliza. Ilikuwa bodaboda, bomba lake la moshi limelegea linagonga chuma.

"Siyo yeye, mama."

"Najua siyo yeye. Fungua mlango."

Nikafungua. Mwendesha bodaboda akadhani nimemwita, akauliza tunakwenda wapi. Nikamwambia hatuendi popote, akatia gia akaondoka. Niligeuka niufunge mlango kwa sababu ya vumbi, mama akaniambia niuache.